Shajara ya mradi: ISO 14001 katika kiwanda kidogo cha maziwa, Hai

Kiwanda chetu kipo wilaya ya Hai, mkoa wa Kilimanjaro. Kinapokea wastani wa lita 6,000 za maziwa kwa siku kutoka kwa wafugaji wa mlimani, kinatengeneza maziwa ya pakiti na mtindi, na kila Alhamisi jibini kwa ajili ya hoteli. Wafanyakazi hatufiki 60. Shajara hii inafuata kazi ya kujenga mfumo wa usimamizi wa mazingira kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 14001, na naiongezea kila hatua inapokamilika. Ya kawaida nayapitia haraka. Palipotushinda nakaa zaidi, maana hapo ndipo mwenye kiwanda cha ukubwa huu ataokoa fedha zake.

4 Machi 2024: Tunaanza

Msukumo umetoka kwa wateja. Hoteli za kitalii zinazonunua jibini letu zimeanza kutuma fomu za kuuliza majitaka yetu yanaishia wapi na kama tuna cheti. Mkurugenzi anataka cheti hicho.

Kikao cha kwanza kimetumika kunyoosha jambo ambalo wengi hulielewa visivyo. ISO 14001 haitaji ukomo wowote wa uchafuzi. Haisemi maji ya kiwanda yawe safi kiasi gani wala moshi uwe mwepesi kiasi gani. Inadai ujue shughuli zako zinagusa vipi mazingira, ujue sheria zinazokuhusu na uzitii, uweke malengo, upime, ukague, urekebishe, kisha urudie. Ukomo unatoka kwenye sheria za nchi. Tena ISO wenyewe, shirika la kimataifa la viwango lililoko Geneva, hawampi mtu cheti. Cheti hutolewa na kampuni za ukaguzi.

Toleo la kwanza lilitoka 1996, miaka minne baada ya mkutano wa dunia wa mazingira wa Rio, likapitiwa upya 2004 na 2015. Tunatumia la 2015. Nakala tumenunua TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ambao ndio wanachama wa ISO kwa upande wa Tanzania. Februari hii yameongezwa marekebisho mafupi: kila shirika lijiulize kama mabadiliko ya tabianchi yanalihusu. Hatujajua tutalijibu vipi.

25 Machi 2024: Nyaraka za kununua

Mshauri mmoja alituuzia furushi la nyaraka zilizokwisha kuandikwa kwa shilingi 1,200,000. Zote kwa Kiingereza, jina la kiwanda limebandikwa juu. Ndani mna taratibu za kupaka rangi magari na za kuhifadhi mafuta ya mitambo mikubwa, vitu ambavyo hatuna. Tulivyo navyo, yaani kostiki ya kuoshea mitambo, maji ya jibini na kuni za boila, havimo. Tulijaribu kuzirekebisha, lakini kila ukurasa uliorekebishwa ulipingana na mwingine.

Tumeziweka kando. Toleo la 2015 halidai kitabu kizima cha mwongozo. Linadai taarifa zilizoandikwa pale zinapohitajika, na kiasi chake kinategemea ukubwa wa shirika. Sasa kila kazi yenye athari ina ukurasa mmoja wa Kiswahili, uliotungwa na yule anayeifanya, mimi nikishika kalamu. Dada anayeosha mitambo aliuanza ukurasa wake kwa maneno haya: "Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, maji hayamiminwi juu ya kostiki." Katika furushi lile lote sikuona sentensi yenye faida kama hiyo.

29 Aprili 2024: Wadau, na mfereji wa chini

Kifungu cha 4.2 kinataka uwajue wadau wako na wanachohitaji. Kwetu mdau mkubwa yuko mita mia chache chini ya mabwawa ya majitaka: wakulima wanaomwagilia kwa mfereji wa asili, katika mifereji ile ambayo Wachaga wameichimba na kuitunza kwa vizazi. Mfereji huu una kamati yake, zamu zake na faini zake.

Nilikwenda nikiwa na maswali ya fomu. Mzee wa kamati hakuyahitaji. "Mwanangu, maji yenu yakija meupe, huwa ni alfajiri," alisema. "Na harufu mbaya ni ya Ijumaa." Weupe wa alfajiri ni saa tunayowasha mitambo. Ijumaa ni siku inayofuata ya jibini. Kiwanda hakikuwa na kipimo hata kimoja kilichotueleza hayo, ila mtu anayemwagilia mahindi alikuwa nayo kichwani.

Kwa anayefuata shajara hii: msiwaalike wadau kiwandani mfanye kikao. Nendeni kwao, tena masika, maji yanapokuwa mengi na kila mtu yuko mferejini.

3 Juni 2024: Orodha ya athari, na hesabu iliyodanganya

Hapa ndipo moyo wa kiwango ulipo, kifungu cha 6.1.2. Unaorodhesha kila kinachoingia na kutoka, kisha unachagua yapi ni makubwa. Tulianza kwa njia iliyozoeleka: uwezekano wa jambo kutokea, kwa alama 1 hadi 5, mara uzito wake, 1 hadi 5. Karibu kila kitu kikapata kati ya 9 na 12. Mlipuko wa boila ukashika nafasi ya kwanza, na maziwa yanayokwenda na maji ya kuoshea yakawa karibu na mkiani. Kila mmoja aliyatazama kama jambo la kawaida, hivyo akayapa uzito wa 1.

Tumebadilisha njia kwa namna mbili. Kwanza, kila shughuli sasa inatazamwa katika hali tatu: siku ya kawaida, siku isiyo ya kawaida, kama umeme ukikatika au mitambo ikiwashwa na kuzimwa, na siku ya dharura. Pili, hakuna alama bila kipimo. Tumenunua mita tano za maji, jumla shilingi 1,600,000, na kuzifunga kwenye mapokezi, pasteraiza (mtambo wa kupasha maziwa joto ili kuua vijidudu), chumba cha jibini, boila na maji ya kuoshea sakafu.

Vipimo vimepindua orodha. Tunatumia lita tano za maji kwa kila lita moja ya maziwa, yaani mita za ujazo 30 kwa siku. Sampuli ya bwawa la mwisho imerudi kutoka maabara na BOD ya miligramu 190 kwa lita. BOD ni kiasi cha oksijeni ambacho vijidudu hula wanapoozesha uchafu ndani ya maji, na Kanuni za viwango vya ubora wa maji za 2007 zinataka isizidi 30. COD, inayopima oksijeni inayohitajika kuvunja uchafu huo kwa kemikali, ilikuwa 410, ukomo wake ni 60.

15 Julai 2024: Maziwa yanayokwenda mferejini

Tumefuatilia upotevu wa maziwa kwa kulinganisha kilichopokelewa na kilichotoka kwenye pakiti. Asilimia 3 hupotea: lita 180 kwa siku. Lita moja ya maziwa ina BOD ya gramu 100 hivi. Mtu mmoja kwa siku hutoa kama gramu 60. Kwa hiyo maziwa tunayomwaga yanachafua sawa na majitaka ya watu 300, na tuliyanunua kwa mfugaji kwa shilingi 1,000 lita.

Mengi hayamwagiki kwa uzembe. Asubuhi mabomba yamejaa maji. Maziwa yakiingia yanayasukuma, na katikati kuna mchanganyiko usio maziwa wala maji, ambao mfanyakazi alikuwa anauachia mferejini mpaka aone weupe kamili. Jioni ni vivyo hivyo kinyume chake. Umeme ukikatika katikati ya kazi, pasteraiza nayo inarudisha au kutoa maziwa ambayo hayakufikia joto lake.

Dawa ya kwanza, kumwambia kila mtu awe mwangalifu, haikubadilisha namba yoyote. Iliyofaa ni hii: kipande cha bomba la kioo kwenye njia ya kutokea, saa ya ukutani, na matangi ya kukingia mchanganyiko wa mwanzo na wa mwisho. Mchanganyiko huo unachukuliwa kila siku na wafugaji wa nguruwe wa jirani.

Maji ya jibini nayo yanakwenda huko huko. Jibini la Alhamisi linaacha kama lita 270 za maji hayo, na ni makali sana kwa mazingira: BOD yake hufika miligramu 35,000 kwa lita au zaidi. Lita hizo pekee zilikuwa zinazidi uchafu wa watu 150 kwa siku moja. Mwanzoni wafugaji walilalamika nguruwe wanaharisha. Daktari wa mifugo akaona mambo mawili: yalilala usiku kucha yakachacha, na yaliyotoka baada ya jibini kutiwa chumvi yalichanganywa humo humo. Sasa yanachukuliwa Alhamisi hiyo hiyo jioni, na ya chumvi yanatengwa.

2 Septemba 2024: Sheria

Orodha ya sheria inachosha kuiandika, lakini ndiyo iliyotupa fedheha kubwa, na bora tuliigundua sisi wenyewe kabla ya mkaguzi. Tulianzia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira kinachopitia NEMC, baraza la taifa la mazingira, tukaendelea na vibali vya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani vya kutumia maji na kutiririsha majitaka, ukaguzi wa boila kwa OSHA, wakala wa usalama mahali pa kazi, na usajili wa kemikali kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Vingi vilikuwepo, viwili vilikuwa vimekwisha muda, vimelipiwa.

Kilichokosekana kabisa kilikuwa kuni. Hatukuwa na hati ya kusafirishia mazao ya misitu, ile madereva wanayoiita TP, kwa shehena hata moja. Muuzaji alileta, ghala likapokea, hakuna aliyeuliza. Maana yake hatukuweza kumthibitishia mtu yeyote kwamba boila letu halili msitu wa hifadhi. Kwa kiwanda kinachokunywa maji ya mlima huu, hilo si dogo hata kidogo.

Tumeacha kununua kwake. Muuzaji mpya analeta mikaratusi na mabaki ya mbao za mashamba ya kupandwa, hati mkononi, na bei imepanda kidogo. Fidia tumeipata mahali ambapo hatukutarajia. Kuni mbichi karibu nusu ya uzito wake ni maji, na zikichomwa hivyo kila kilo inatoa nusu tu ya joto la kuni iliyokauka vizuri. Tumejenga banda la kukaushia kwa shilingi 3,100,000, na kila shehena inakaa humo mpaka ikauke. Moshi umepungua, anayeona kwa macho ni jirani yeyote.

14 Oktoba 2024: Tangi lililochacha

Hatua hii ndiyo iliyokula fedha nyingi, na wanaotaka kuiga nawaomba waisome mara mbili.

Shida ilikuwa hii. Tukiosha mitambo kwa kostiki, majitaka yanakuwa makali upande mmoja. Tukiosha kwa asidi, yanakuwa makali upande wa pili. Vijidudu vinavyosafisha maji kwenye mabwawa havistahimili kuyumbishwa hivyo. Ukomo wa sheria ni pH (kipimo cha uasidi, 7 ikiwa katikati) kati ya 6.5 na 8.5, sisi tulipima 11 asubuhi na 4 mchana. Suluhisho la vitabuni ni tangi la kusawazisha: kusanya yote, yachanganyike, kostiki na asidi zipozane, kisha toa polepole.

Fundi alishauri tangi kubwa, "mpate nafasi ya baadaye". Tulijenga la mita za ujazo 60, shilingi 7,500,000. Lakini kufikia hapo maji tuliyotumia yalishapungua hadi mita za ujazo 22 kwa siku, hivyo majitaka yakawa yanakaa humo karibu siku tatu bila hewa. Sukari ya maziwa ikageuka asidi. pH ikashuka mpaka 4.5 na kuganda hapo, mafuta yakafanya utando juu, na harufu ikaenea hadi barabarani. Majirani walikuja getini, na walikuwa na haki.

Tulijaribu chokaa. pH ilipanda kwa saa kadhaa ikashuka tena, na tope likajaa chini. Tuliacha.

Kilichotibu ni mambo matatu kwa pamoja. Bomba la kutokea tumelishusha, kina cha maji kisizidi theluthi moja ya tangi, ili majitaka yasikae zaidi ya siku moja. Tumeweka kipulizia hewa, shilingi 2,800,000, kinachochanganya na kuyapa maji oksijeni. Na kabla ya tangi kuna mtego wa mafuta unaofunguliwa na kusafishwa kila asubuhi, jina la aliyesafisha likiandikwa ubaoni. Harufu ilianza kupungua wiki ile ile. pH sasa inacheza kati ya 6.8 na 8.

Tangi la mita za ujazo 25 lingetosha na lingegharimu chini ya nusu. Mpangilio sahihi ni kupunguza maji na maziwa kwanza, kupima upya, ndipo ujenge.

25 Novemba 2024: Zoezi la dharura na ukaguzi wa ndani

Kifungu cha 8.2 kinadai mazoezi ya dharura. Tulichagua tukio linaloweza kutokea kweli: lori la maziwa limepasuka bomba uani. Tulimimina maji yaliyotiwa rangi ya chakula. Watu walikimbia vizuri, mchanga ulikuwepo, ila rangi ilionekana kwenye mfereji wa wakulima kabla hatujamaliza kufunga njia. Mtaro wa maji ya mvua unatoka uani moja kwa moja, haupiti kwenye mabwawa kabisa, na haukuwa kwenye ramani yoyote. Lango la chuma la kuufunga limegharimu shilingi 650,000. Tuliwajulisha kamati ya mfereji kabla ya zoezi, msisahau hilo.

Ukaguzi wa ndani wa kwanza haukuona kasoro hata moja, kwa sababu kila mkuu wa idara alikagua idara yake. Kiwango kinataka wakaguzi wasiopendelea. Tukabadilishana: wa boila akakagua maabara, wa maabara akakagua ghala, wa ghala akakagua mapokezi. Kasoro 14. Mtu wa boila ndiye aliyegundua kuwa maji ya kulinganishia kipima pH yalikuwa yamepitwa na wakati, akihoji tu kwa nini chupa ina tarehe ya mwaka jana. Vipimo vyote vya Septemba na Oktoba tumeviwekea alama ya shaka na kupima upya.

24 Februari 2025: Wakaguzi wa nje

Hatua ya kwanza wanasoma nyaraka na kuona kama uko tayari. Ya pili wanazunguka kiwandani na kuhoji watu. Hatua ya kwanza ilituachia swali lile la Februari mwaka jana: mabadiliko ya tabianchi yanawahusu vipi? Jibu letu la awali lilikuwa aya moja kuhusu ukame na malisho. Ni kweli, lakini halikutosha.

Tukarudi kwenye ankara. Chumba cha baridi kinatumia gesi ya kupozea iitwayo R-22, na fundi alikuwa anaongeza kama kilo 9 kwa mwaka. Gesi hiyo haiishi kwa kutumika. Ikiongezwa, maana yake ilivuja. Kilo moja ya R-22 ina nguvu ya kupasha joto dunia inayokaribia kilo 1,800 za kaboni dioksidi, kwa hiyo uvujaji wetu ni tani 16 kwa mwaka, sawa na kuchoma lita 6,000 za dizeli. Tena ni gesi inayoondolewa sokoni chini ya Itifaki ya Montreal ya kulinda tabaka la ozoni, na nchi zinazoendelea zimepewa hadi 2030. Viungo viwili vilivyovuja vimechomelewa.

Hatua ya pili ilitoa kasoro ndogo tatu na hakuna kubwa. BOD ya siku hiyo ilikuwa 38, bado juu ya ukomo. Mkaguzi aliuliza kama mamlaka zinajua na kama kuna mpango wenye tarehe. Barua zilikuwepo, mpango ulikuwepo. Kingetuangusha ni kuficha.

7 Julai 2025: Cheti na hesabu

Cheti kilitoka Aprili. Kinadumu miaka mitatu, na kila mwaka wanarudi kukagua.

Zaidi ya niliyokwisha kutaja, maabara imekula shilingi 1,900,000, mafunzo 2,400,000, na wakaguzi wa cheti 14,000,000. Jumla ya mradi ni shilingi 35,150,000, furushi la nyaraka lisilotumika likiwemo.

Upotevu wa maziwa umeshuka kutoka asilimia 3 hadi 1.2. Ni lita 108 kwa siku zinazobaki kwenye pakiti, shilingi 108,000 kwa bei ya mfugaji, kama milioni 3.2 kwa mwezi. Kwa maziwa peke yake mradi unarudisha gharama zake ndani ya mwaka mmoja, bila kuhesabu kuni wala maji, ambayo sasa ni lita 3.4 kwa kila lita ya maziwa. Cheti chenyewe kimetubakizia wateja wa hoteli na kutuingiza kwenye zabuni moja. Nafurahi, ila fedha zimetoka kwenye mita na bomba la kioo, na kiwanda kisicho na uwezo wa kulipia wakaguzi kinaweza kuanza na hivyo kesho.

BOD ya Juni ni 27. COD ni 71, na ukomo ni 60, kwa hiyo kazi haijaisha. Tunapanga kuondoa tope kwenye bwawa la kwanza wakati wa kiangazi hiki. Halijawahi kuondolewa tangu kiwanda kijengwe. Bei za mtambo mpya wa baridi usiotumia R-22 tumeshaomba. Mzee wa kamati ya mfereji ameomba apewe matokeo ya maabara kila robo mwaka, kwa Kiswahili, na menejimenti imekubali. Nakala ya kwanza ameipokea Ijumaa.